Firigisi Iliyoonekana Kutoka Qatar

Amalemba, Kakamega
Jumapili, baada ya mvua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na uiitikie kwa sauti ingawa niko mbali sikusikii. Magoti yanasemaje msimu huu? Kisima kimejaa? Na yule mbuzi wako mwenye kiburi amezaa, au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima. Nala, nalala, naswali, na pale kwenye duka la mbegu na mbolea bado wananivumilia.

Najua tabia yako. Ukipata barua unaanza na mwisho uone kama kuna aliyekufa, ndipo unarudi mwanzo. Hakuna aliyekufa. Safari hii nakuomba uisome kwa mpangilio, maana huko chini nina jambo la kukiri, na halitaeleweka bila haya ya juu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ya sikio lako. Kwenye simu ningelazimika kupiga kelele, na majirani zako wote wangesikia, na mmoja wao anahusika.

Mama Silas unamjua kwa maneno yangu. Ndiye mwenye nyumba hii ninayopanga. Yeye yuko nyumba kubwa, mimi nina chumba cha uani. Alikuwa mkunga hospitalini mpaka akastaafu. Mumewe alifariki mwaka juzi, kabla sijahamia hapa, na mtoto wake ni mmoja tu, Silas, ambaye yuko Qatar anauza simu dukani. Tangu nifike hapa amenichukua kama mwanawe wa pili. Amenifundisha kusonga obusuma, sima yao, ambayo ukiiangusha mguuni utachechemea. Mimi nimemfundisha wali wa nazi, ingawa nazi zinazofika huku zimeshazeeka njiani. Akitaka kuchinja kuku humwita muuza nguo mmoja Mwislamu wa mtaa huu aje amchinje, ili nami nipate kula. Sasa elewa basi nilivyoumia aliponiita mchongezi.

Ilikuwa hivi. Paa lake lilikuwa linavuja, akamleta fundi, Bwana Andayi, mtu mzima mpole, akashinda juu ya mabati siku mbili. Siku ya pili Mama Silas akatoa jogoo. Huku firigisi huitwa imondo, na imondo si nyama ya kila mtu. Ni ya mwanamume mwenye mji, baba wa nyumba. Tangu mumewe afe, Mama Silas alikuwa akiipika na kuiweka kwenye kisahani chake peke yake, hakuna anayeigusa, mwishowe inaliwa na paka. Siku hiyo aliichukua kwa kijiko, akaitazama, akaiweka kwenye sahani ya Andayi. Andayi naye akaila akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa cheo. Mezani tulikuwa watatu tu: yeye, Andayi na mimi.

Baada ya siku mbili Silas akapiga simu. Baada ya salamu akamuuliza mamake, "Mama, kwani imondo ya baba siku hizi inakulwa na fundi?"

Sijawahi kumwona Mama Silas akivuka ua kwa haraka namna ile. Alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Mwanajuma, mimi nimekuweka hapa kama mtoto. Kitu ya meza yangu inafikanga aje Qatar?"

Nikamwambia sina hata nambari ya Silas.

"Tulikuwa watatu. Andayi simu yake ni ya tochi tu, haifikangi Qatar. Mimi sijasema. Sasa kumebaki nani?"

Nilijaribu kujitetea, lakini hesabu yake ilikuwa sawa, hata mimi sikuona kosa lake. Akasema mwisho wa mwezi nitafute nyumba nyingine. Akaondoka. Siku nne nilimwamkia asubuhi naye anaitikia akiangalia kuku. Chai ya saa kumi ikakoma. Mama, hapa sina ndugu. Huyu ndiye aliyenikanda kifua kwa mafuta nilipougua mwaka jana. Nyumba za kupanga ziko tele Kakamega, lakini sikutaka kuhama nikiwa na jina la umbea ambao sikuufanya. Nililia, sikufichi, nikalia hasa.

Kilichoniokoa ni ugonjwa wa kompyuta.

Silas alimnunulia mamake kompyuta ya mezani yenye kamera juu, ili waonane wakizungumza. Iko sebuleni, inaitazama meza ya kulia, na Mama Silas ameivika kitambaa cha kushona kwa mkono kinachofunika kila kitu isipokuwa kioo na ile kamera. Humo anaandika kumbukumbu za mikutano ya akina mama wa kanisa, maana yeye ndiye katibu wao, na humo ndimo zilimo picha zote za marehemu mumewe. Kwa miezi kadhaa ilikuwa inadhoofika. Kuiwasha tu, unaweza kuchemsha chai na ukainywa. Matangazo ya ajabu yanaruka kwenye kioo. Akichomeka flashi, mafaili yote yanageuka vijishale ambavyo ukivibonyeza havifunguki. Kisha likaja onyo jekundu, "Kompyuta yako ni mgonjwa, bonyeza hapa itibiwe." Mkunga mstaafu akiambiwa kuna mgonjwa hawezi kukaa kitako. Alibonyeza. Kila lilipokuja alibonyeza, na kila alipobonyeza hali ikazidi kuwa mbaya.

Fundi mmoja wa mjini alimwambia dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya, tena kwa malipo. Alipouliza habari za picha za mumewe, fundi akasema hizo hawezi kuziahidi. Mama Silas akabeba kompyuta yake akarudi nayo nyumbani.

Sasa Ijumaa, kumbukumbu za mkutano zikakataa kufunguka kabisa, na akina mama wanazingoja. Akaja tena mlangoni kwangu. Mikono safari hii ilikuwa chini.

"Wewe unajuanga hii mambo ya kompyuta. Nisaidie kwanza, alafu tuendelee na yetu."

Mama, nilicheka ndani kwa ndani. Ugomvi wetu ulikuwa umepewa likizo fupi.

Mimi si fundi. Nayajua niliyojifunza kazini, pale kompyuta ya duka ilipopata ugonjwa huohuo na tajiri wangu hakutaka kumlipa mtu. Nilimwambia Mama Silas kwamba kuisafisha hakuhitaji pesa, kunahitaji subira. Jumamosi asubuhi, kwa ruhusa ya tajiri, nikapakua programu ya bure ya kusaka virusi kwenye kompyuta ya kazini ambayo ni nzima, nikaitia kwenye flashi mpya. Mchana nikaenda sebuleni kwa Mama Silas. Alikuwa ameshaondoa kitambaa na kukikunja.

Cha kwanza nilikata intaneti. "Unamtenga mgonjwa," akasema, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia flashi zake za zamani zisiende kwenye kompyuta ya mtu yeyote mpaka nizisafishe. "Sindano moja, watu wengi," akasema, akaenda kuzikusanya zote kutoka kwenye droo, kwenye mkoba, hata ndani ya Biblia. Baada ya hapo hakuniuliza tena kwa nini nafanya hili au lile. Alivuta kiti akakaa kama yuko zamu.

Nikaiwasha kwa ile njia ya tahadhari, ambapo inaamka na vitu vyake vya lazima tu na wale wadudu wengi wanabaki wamelala. Nikapitia orodha ya programu, moja moja, nikimuuliza: hii unaijua? Michezo ya kamari, vijidirisha vya matangazo, ile "tiba" nyekundu aliyoibonyeza. Zote nikazing'oa. Nikafika kwenye kinga iliyokuja na kompyuta yenyewe, ambayo ingetosha kuzuia mengi kati ya haya, nikakuta imezimwa. Haikuharibika, mama. Ilizimwa na mtu. Nikamuuliza. "Mimi najua kuandika na kufuta," akanijibu. "Kuzima sijui."

Nikaiwasha ile kinga, kisha nikaiachia programu niliyokuja nayo isake kila pembe. Ilichukua tangu saa saba hadi karibu na alasiri. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, na paa la Andayi halikupitisha hata tone. Wakati fulani alileta chai, vikombe viwili, akaviweka mezani bila kuniangalia.

Virusi wakatoka, wengine kwenye mafaili, wengine kwenye flashi. Vile vijishale vikarudi kuwa mafaili. Kumbukumbu za akina mama zikafunguka. Nikafungua na zile picha, na mumewe akatokea kwenye kioo amevaa koti la kahawia, amesimama kando ya miwa kwao Kabras. Mama Silas akasema, "Huyo," basi.

Lakini kitu kimoja programu ilikuwa haijakitoa. Ilikiweka pembeni ikauliza: hii ni programu ya kutazama kwa mbali kwa njia ya kamera, je, uliiweka wewe? Nikaifungua. Ndani kuna tarehe ya kuwekwa, na kuna orodha ya wanaoruhusiwa kutazama. Mtazamaji alikuwa mmoja. Jina lake: Simu ya Silas. Tarehe ilikuwa ya wiki ile ile waliyomzika babake, alipokuja nyumbani kwa siku chache. Ndipo nikaelewa kwa nini kinga ilizimwa. Aliizima ili isimkamate yeye, na kwa miaka miwili wakapita hapohapo na wengine wote.

Nikamwonyesha Mama Silas kwa kidole. Akavaa miwani, akasoma jina, akageuka akaitazama kamera, akaitazama meza, kiti alichokalia Andayi, sahani ambazo hazikuwepo.

Nilifurahi, mama. Jina langu lilikuwa limesafishwa kabla ya kompyuta kumalizika. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipouona uso wake.

"Mimi hupitanga hapa nikitoka kuoga," akasema. Kisha akaongeza, "Na Jumapili nikitoka kanisa, mimi huchezanga ngoma ya isukuti hapa peke yangu. Na redio."

Nikauliza kama niiondoe. Akasema ngoja. Akachukua simu yake, akampigia Silas, akaiweka katikati ya meza ili nami nisikie. Nikataka kutoka, akanishika mkono.

"Silas, uko kazi?"

"Niko kwa mapumziko, mama. Uko sawa?"

"Si wewe unaona kama niko sawa. Unaniangalianga?"

"Nani amekuambia?"

"Ni wewe umeniambia. Imondo ndio imekuuza. Na mimi nimefukuza mtoto wa watu kwa nyumba juu yako."

Nilidhani atakana. Hakukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, baba alianguka hapo kwa hiyo meza asubuhi, wewe ukiwa Kabras kwa matanga. Akapatikana jioni. Siku nzima, mama. Mimi nikapewa habari na mtu hata simjui vizuri. Nilisema sitapata habari namna hiyo tena."

"Kwa hivyo ulikuwa unangoja nianguke."

"Hapana. Nilikuwa nakuangalia tu asubuhi ukikunywa chai. Nikiona umekunywa chai, naenda kazi."

Mama Silas aliondoa miwani. Kidole chake kikafuata mstari wa meza.

"Ungeniomba," akasema.

"Ungekubali?"

"Sijui. Lakini ungeniomba."

Silas akawa analia huko aliko, na hapa hakuna aliyemnyamazisha. Mwishowe mamake akamwambia arudi kazini, asije akafukuzwa. Akakata simu, akaniambia neno moja: "Toa."

Nikaitoa. Nikaizima kompyuta na kuiwasha, nikasaka upya, ikawa safi. Nikamsaidia kubadilisha maneno yake ya siri, kwa kutumia simu yangu na si ile mashine, maana yale ya zamani hatujui nani mwingine aliyaona. Haikutumika hata senti. Alipoketi kuijaribu ilifunguka haraka mpaka akashtuka. Kisha akasema, huku akiangalia kioo bado, "Mwanajuma, nilikukosea. Hiyo nyumba ya mwisho wa mwezi, usitafute." Nikamwambia sikuwa nimeanza kutafuta. Uongo, mama. Nilikuwa nimeshaziona mbili.

Leo baada ya kanisa amechinjisha kuku. Nimekaa, ameniwekea sahani, na juu ya nyama ikaja imondo. Nikakataa. Akasema zamani mwanamke hata kuku hakuwa anakula hapa, sembuse imondo, lakini nyumba yake sasa ina sheria yake: inakwenda kwa aliyeifanyia nyumba kazi. Kabla sijaonja akashona kwa haraka kipande cha kitambaa, kidogo kama kifuniko cha gilasi, akakivisha kamera. Kisha akakifunua mwenyewe, akampigia Silas kwa ile kompyuta, akainua sahani yangu mpaka kwenye kioo.

"Unaona? Leo inakulwa na mpangaji. Ukitaka yako, kuja."

Silas akacheka, na macho yake yamevimba. Wamekubaliana kila asubuhi mamake atampigia yeye, akiwa na kikombe mkononi. Siku asiyotaka kuonekana atapiga simu ya sauti tu, na Silas hatauliza kwa nini. Firigisi nimeila. Ni firigisi tu, mama, haina utamu wa pekee, ila niliitafuna polepole.

Sasa nimefika kwenye langu.

Mama Silas alipoitazama ile kamera, niliuona uso wako kwenye uso wake. Nakumbuka siku uliyoniuliza kwenye simu nani kaniambia kwamba hukwenda kliniki, nami nikakujibu nimeota. Ukaamini. Ukamsimulia dada Zuhura kwamba mwanao ana ndoto za kweli, tangu utotoni. Sina ndoto, mama. Nina Mwinyi wa dukani, jirani yako.

Tangu nije huku, kila Ijumaa nampigia. Mama mlango ameufungua saa ngapi? Amenunua mkate? Ametoka na ile leso yake ya kliniki? Anachechemea mguu gani? Naye ananieleza yote kwa uaminifu. Sukari yako ilipopanda, alikuwa akikuuzia sukari kisha ananipigia kuniambia umenunua sukari. Nikipata majibu yake nakupigia wewe, nakuuliza hali, unasema hujambo, nami najifanya sijui. Nilikuwa najiita mtoto mwenye huruma. Jana nimejua kwamba wewe ulikuwa unaongea na mtu aliyekwisha kusikia habari zako nyuma ya mgongo wako, na nimeona haya sana.

Silas alinipita kwa jambo moja: alipoulizwa, alisema kweli. Mimi nilisema nimeota.

Nimempigia Mwinyi nikamwambia basi. Amesema afadhali, maana kila ukiingia alikuwa anakosea mizani. Tafadhali usimgombeze, kosa ni langu. Kuanzia sasa nitakuuliza wewe, na jibu utakalonipa ndilo nitakalokwenda nalo. Ukiona jambo hutaki nilijue, niambie hutaki nilijue. Nitakaa nalo, kwa shida. Na likizo yangu ya mwaka nimeiomba. Nikija nataka nikae nawe barazani nikuone kwa macho yangu, wewe ukijua kwamba nakutazama.

Nisalimie dada Zuhura, na umweleze kuhusu ndoto, au usimweleze, upendavyo. Msalimie shemeji mumewe, mwambie ile mbegu ya mchicha nitaitia ndani ya kifurushi kitakachokuja na basi. Nisalimie mjomba Bakari, ndugu yako asiyekwisha maneno, na bibi mzaa baba, ambaye najua atataka asomewe barua hii mara mbili. Mama Silas anakusalimia sana, anasema wewe ni dadake. Na Mwinyi nisalimie kwa upole.

Ni mimi mwanao akupendaye,
mpelelezi aliyeacha kazi,
Mwanajuma

Tanbihi: Kama umeanzia hapa chini kama kawaida yako, sawa, rudi juu. Ila kwanza: Mama, kliniki ya mwezi huu ulikwenda? Sijamuuliza mtu. Nakuuliza wewe.